Mikono yangu iliganda, akaja muuza samaki

MUULIZE SOMO

Somo, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa kwenye treni narudi nyumbani, kwa hiyo maneno yakipinda unisamehe.

Mimi ni mzaliwa wa Majengo, Mombasa, umri wangu miaka 38. Hapa Brooklyn, New York, huu ni mwaka wa tisa. Mume wangu ni mtu wa Kisauni, anaendesha teksi usiku, na tuna watoto wawili. Kazi yangu ni kutunza wazee. Miaka mitatu sasa ajensi imeniweka Borough Park kwa bibi mmoja wa Kiyahudi, mjane, ameshapita themanini. Ni watu wa dini hasa. Wanaume makoti meusi na ndevu, wanawake wigi na sketi ndefu. Namwogesha bibi, namlisha, namtembeza barazani, naye ananiita mamele, neno lao la Kiyidi la kumwita mtoto wa kike kwa mapenzi.

Sabato yao labda umeisikia. Ijumaa jua likizama, taa haiwashwi wala haizimwi, simu haiguswi, gari haliendeshwi, jiko haliwashwi. Chakula cha Jumamosi mchana ni sufuria ya cholent iliyokaa juu ya moto mdogo tangu Ijumaa: maharagwe, shayiri, viazi na nyama, vimelala vinatokota usiku kucha. Binti wa bibi huja kula naye. Huyo binti nimewahi kumkuta amekaa gizani kwa sababu mjukuu alizima taa kwa bahati mbaya, na mimi niko chumba cha pili, na hakuniita kuniambia niiwashe.

Jumamosi moja mwezi wa pili, yapata saa saba mchana, bibi alipaliwa na nyama. Kwanza alikohoa, halafu kikohozi kikakatika. Kimya kile ndicho kilichonitisha. Mikono kaipeleka shingoni, macho yamemtoka, midomo inageuka rangi. Haya nilifundishwa, Somo, ajensi ilituweka darasani siku nzima. Nikampiga mgongoni mara mbili, kama mtu anayebisha hodi kwa wakwe, halafu mikono ikaganda. Nikashika simu nikapiga 911, namba ya dharura ya huku. Yule ananiuliza anwani, ananiuliza ghorofa ya ngapi, na Kiingereza chote kimenitoroka.

Nilipogeuka nikaona binti ameshika simu ya mezani. Yule yule asiyegusa taa. Kwenye friji yao pana stika yenye namba ya Hatzolah, watu wao wa dharura. Alisema maneno manne matano ya Kiyidi, basi.

Sijamaliza kumtajia wa 911 jina la barabara, mlango ukafunguliwa, na aliyeingia alikuwa muuza samaki. Kila Alhamisi namnunulia bibi samaki, na huyo ndiye anayenikatia. Hanitazami usoni. Chenji huiweka juu ya kaunta, haniwekei mkononi, na miaka mitatu nimekuwa nikitoka dukani kwake na kifundo rohoni. Siku hiyo alikuwa na koti refu la hariri na kofia ya manyoya, simu ya upepo kiunoni, begi kubwa begani. Hakuuliza kitu. Akapita nyuma ya bibi, akamzungushia mikono tumboni, akavuta kwa juu, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kipande cha nyama kikaruka kikagonga mlango wa kabati. Bibi akavuta pumzi. Sauti ile naisikia mpaka leo.

Hajamkalisha vizuri wakaingia wengine wawili, mmoja na mtungi wa oksijeni, na ambulensi yao iko chini. Wakampeleka hospitali akaangaliwe mbavu, binti akafuatana naye. Mimi nikabaki peke yangu na ile simu ya mezani. Binti alikuwa ameiacha juu ya kiti, hakuirudisha mahali pake, inalia tii tii tii. Dharura ilikuwa imekwisha na Sabato imerudi. Sikujua niirudishe au niiache.

Nimeulizia nikaambiwa wale wote wanajitolea, hakuna anayelipwa senti. Tangu siku hiyo silali vizuri. Nataka kuwa kama wao. Nataka kujiunga nao kama watanikubali.

Mume wangu anasema kujitolea ni kazi ya aliyeshiba, na sisi kodi ya nyumba imetushika koo. Mama yangu nilipomwambia kwa simu alinyamaza, halafu akasema, “Watoto wa Gaza wanakufa, na wewe unataka kwenda kuwafanyia Mayahudi kazi ya bure? Watu wa hapa watasema nini?” Sikuwa na jibu.

Na lingine. Binti wa bibi ameniambia kwa upole kwamba mara nyingine nipige namba yao kwanza. Ajensi inasema nipige 911. Nimfuate nani?

Mwenye mikono iliyoganda,
Brooklyn


Marahaba, mwanangu.

Nianze na hilo la mwisho, maana hilo halingoji. Wiki hii hii, muuguzi msimamizi wa ajensi na binti wa bibi wakubaliane, na wakubaliane kwa maandishi, ni namba ipi inapigwa na nani. Karatasi hiyo ibandikwe kwenye friji chini ya ile stika. Siyo wewe wa kuamua kati ya mwajiri na familia huku mtu anapaliwa. Mkiwa wawili ndani, kila mmoja na simu yake, kama mlivyofanya siku ile bila kupanga. Ukiwa peke yako na hujui la kufanya, piga 911, weka simu juu ya meza kwa sauti kubwa, mikono ibaki kwa bibi. Kupiga 911 hukukosea hata kidogo. Ulichokosea ni kushika simu kwa mkono uliokuwa unahitajika mgongoni.

Nakuambia hivyo bila kukupaka mafuta kwa sababu naona barua yako yote unamsifu muuza samaki, lakini jina ulilojipa mwisho wa barua halimhusu muuza samaki. Jina hilo ndilo shida yako. Kujiunga na Hatzolah hakutaliondoa. Litaondolewa na darasa la saa chache la huduma ya kwanza, lile la kushika mdoli na kumfinya kifua mpaka jasho likutoke, na urudie kila mwaka, siyo mara moja kwa ajili ya kuiridhisha ajensi. Mtu mzima akipaliwa na bado anakohoa, mwache akohoe, mhimize. Kikohozi kikikatika, mwinamishe mbele umpige katikati ya mabega mara tano kwa kisigino cha kiganja, kwa nguvu (mlango wa mkwe unauvunja kabisa), halafu mara tano kule kuvuta tumbo kwa ndani na juu alikofanya yule bwana, mpaka kitoke. Akizimia, mlaze chini uanze kufinya kifua. Kidole usikitie mdomoni kutafuta kitu usichokiona. Aliyevutwa tumbo aonwe na daktari hata akisema yu mzima, na ndiyo maana walimchukua. Kuganda mara ya kwanza kunawapata hata manesi. Mimi nilikuwa nesi miaka 27, na mtoto wa kwanza aliyepaliwa mbele yangu aliokolewa na mfagizi.

Sasa hao Hatzolah.

Jina lenyewe kwa Kiebrania maana yake ni uokoaji. Walianzia Williamsburg, hapo hapo Brooklyn, miaka ya 1960. Bwana mmoja wa Kihasidi (kundi mojawapo la Wayahudi washika dini sana), Hershel Weber, aliona watu wa mtaa wake wanakufa wakisubiri ambulensi, na hata ikifika, mzee anayejua Kiyidi tu hawezi kumweleza mhudumu wapi panauma. Akakusanya majirani. Leo wako mitaa mingi ya New York, wako London tangu 1979, wako Antwerp, Melbourne, Johannesburg. Ni watu wa kujitolea, na mgonjwa hatozwi, wakati ambulensi ya jiji hapo kwenu inaweza kukuachia bili ya zaidi ya dola elfu moja.

Wengi wakiona wanafika kabla hujamaliza kutaja barabara hudhani wana magari ya ajabu. Siri haiko kwenye gari. Mwenye kupokea simu anaitangaza hewani, na aliye karibu kuliko wote anaondoka hapo alipo, dukani, sinagogi, kitandani, na begi lake na mtungi wake wa oksijeni vimo ndani ya gari lake mwenyewe. Ambulensi inaletwa na mwingine nyuma yake. Muuza samaki wako pengine alikuwa anakula cholent yake nyumba ya tatu. Anajua lifti ya jengo lenu ni ipi na ngazi inapinda wapi. Na usidhani ni mtu wa huruma tu aliyepewa begi: pale New York wanasoma kozi ile ile ya wahudumu wa dharura, zaidi ya saa 150, na kufanya mtihani ule ule wa jimbo kama mhudumu yeyote wa jiji.

Kwa hiyo jibu la swali lako kubwa, na nalisema wazi usije ukajipeleka ukarudi na kifundo kingine: hutaingia. Hatzolah ya New York ni ya wanaume, tena wanaume wa Kiyahudi wa Kiorthodoksi, yaani wale washika dini hasa. Hata wanawake wao wenyewe walikataliwa. Mwaka 2011 kundi la wanawake, wakili wao akiwa Rachel Freier wa hapo hapo Borough Park, waliomba waingizwe ili angalau mama anayejifungua ghafla ahudumiwe na mwanamke mwenzake. Wakaambiwa la. Wakaanzisha chao, Ezras Nashim, kikaanza kupokea simu mwaka 2014, na ruhusa ya kuwa na ambulensi yao wakaipata 2020 baada ya mvutano mrefu. Freier siku hizi ni jaji. Lakini nacho ni cha wanawake wa Kiorthodoksi kwa ajili ya wanawake wa Kiorthodoksi, kwa sababu ya stara, na wewe uliyelelewa Majengo stara huhitaji kuelezwa.

Na hapo nikuchape kidogo. Chenji juu ya kaunta ilikuuma miaka mitatu? Mwanangu, ami zako wangapi wanakupa mkono? Yule bwana haweki chenji mkononi mwa mwanamke yeyote asiyekuwa wake, awe Myahudi au Mswahili. Ungekuwa nyumbani ungesema huyu ni mcha Mungu. Ukiwa ugenini ukasema ananidharau. Sikulaumu sana, ugenini kila kitu kinaonekana ni dharau mpaka kithibitike vinginevyo, na mara nyingine ni dharau kweli. Ila siku bibi alipopaliwa alimkumbatia mwanamke asiye mahramu wake mbele yenu wote, bila kusita.

Hilo la kutosita ndilo lililokuduwaza kwa binti pia, na ile simu. Kwao kuokoa roho kunaitwa pikuach nefesh, na kunaiondoa Sabato njiani. Walimu wao wa kale waliukamata mstari wa Mambo ya Walawi, 18:5, kwamba mtu azishike amri na kuishi kwazo, wakasema: aishi kwazo, siyo afe kwazo. Kwa hiyo kupiga simu Jumamosi ile haikuwa ruhusa tu, ilikuwa wajibu. Angekaa kutafuta mtu asiye Myahudi ampigie, ndiyo angekuwa na kosa. Lakini wajibu unakoma pale hatari inapokoma. Mgonjwa kapumua, simu hairudishwi mahali pake. Wana mjadala wao hata juu ya kurudi nyumbani: umeendesha gari Sabato kwenda kuokoa mtu, mtu kapona, sasa utarudije? Rabi Moshe Feinstein, aliyekuwa mufti wao mkubwa pale New York, aliwaruhusu waokoaji kurudi na gari, kwa hoja kwamba ukimwambia mtu atabaki barabarani mpaka usiku, mara nyingine atasita kutoka. Wengine hawakukubali, na ziko sehemu wanapangiwa dereva asiye Myahudi wa kuwarudisha. Mimi fatwa hiyo naipenda. Imetoka kwa mtu anayejua binadamu anavyofikiri saa nane za usiku chini ya blanketi.

(Ile simu, kama jambo hilo likikupata tena: irudishe. Sabato siyo yako, na mtu mwingine huenda akahitaji kupiga.)

Mama yako sasa. Usibishane naye kuhusu Gaza. Anayoyaona kwenye televisheni ni kweli, na moyo wake kuuma ni haki yake. Wewe mwambie kitu kimoja tu: bibi wa miaka themanini na kitu anayekuita mamele siye aliyeamuru kitu chochote. Kisha muombe afungue msahafu, Suratul Maida, aya ya 32. Sote tunaijua, anayeihuisha nafsi moja ni kana kwamba amewahuisha watu wote, imebandikwa kwenye kuta za hospitali ngapi. Lakini tunaisoma kuanzia katikati. Mwanzo wake ni kwamba hayo Mwenyezi Mungu aliwaandikia Wana wa Israili. Na kweli maneno hayo yamo kwenye Mishna yao, mlango wa Sanhedrin, kitabu kilichokusanywa yapata mwaka 200, karne nne kabla ya Qur'ani kushuka. Yule muuza samaki alikuja na aya ambayo mama yako anaijua kwa moyo.

Mwambie pia kwamba huko huko Israeli, shirika la United Hatzalah lililoanzishwa 2006 lina waokoaji Waislamu, wakiwemo Waarabu wa Jerusalem Mashariki, wanaotoka na pikipiki zenye sanduku la dawa nyuma kama bodaboda aliyesomea. Na ana umri wa kuikumbuka Agosti 7, 1998. Bomu lilipoua watu zaidi ya 200 pale Nairobi na jengo la Ufundi likalala chini, waliokuja na mbwa wa kunusa kufukua kifusi usiku na mchana walikuwemo askari wa Israeli. Sisemi hayo yafute mengine. Hayafuti. Nasema tu aliye chini ya kifusi hauliziwi ukoo, na siku ile Nairobi nzima ililijua hilo.

Lakini pengine haya yote mama yako hatayahitaji, kwa sababu kazi ya bure ninayotaka uifanye haiko Borough Park.

Barua haisemi unakaa wapi, lakini kwenye ujumbe wako wa pili ulitaja kwamba unashukia Fulton Street, Bedford-Stuyvesant. Basi unapita karibu na jambo lako kila siku. Mwaka 1988, hapo Bed-Stuy, mfanyakazi wa ambulensi ya jiji aitwaye James Robinson, wakimwita Rocky, na mwenzake Joe Perez, walichoka kuona mtaa wa watu Weusi unasubiri ambulensi muda mrefu kuliko mitaa mingine. Wakaanzisha kikosi cha kujitolea, Bedford-Stuyvesant Volunteer Ambulance Corps, makao yake Greene Avenue. Robinson alifariki 2019. Vijana wengi wa mtaani walipitia mikononi mwake, wakasomea pale huduma ya dharura, wakaishia kuajiriwa kwenye ambulensi na zimamoto.

Williamsburg na Bed-Stuy zinapakana. Mitaa miwili jirani, watu wawili wasiojuana, miaka ishirini hivi kati yao, shida ile ile, dawa ile ile. Weber hakwenda kujitolea kwa watu wa Bed-Stuy, na Robinson hakuomba kazi Hatzolah. Kila mmoja alishughulika na ngazi anazozijua. Wewe Borough Park unaingia asubuhi na kutoka jioni. Saa nane za usiku bibi wa watu akianguka kule, wewe uko kilomita nyingi umelala. Lakini akianguka mama wa Kisenegali ghorofa ya chini yako, au yule mzee wa Barbados anayekaa ngazini kwenu, nani yuko karibu? Na akiwa ni Mswahili aliyekuja kumtembelea mwanawe, hajui Kiingereza, anashika kifua anasema “moyo wanipapa, wanipapa”, nani pale mtaani atamwelewa kama siyo wewe?

Mumeo ana haki pia, na usimjibu kwa aya. Mjibu kwa saa. Darasa la kwanza ni siku moja, tena cheti chake kinakusaidia kwa ajensi hata usipojitolea popote. Baada ya hapo nenda Greene Avenue siku usiyo na kazi ukaulize kwa mdomo wako: zamu zao zikoje, kozi inaanza lini, wanahitaji nini. Kozi kubwa ya zaidi ya saa 150 ni jioni nyingi na baadhi ya wikendi, kwa miezi. Hilo ni jambo la kukaa na mumeo na kalenda, siyo jambo la kumtangazia. Nani atawapikia watoto Jumanne? Yeye akilala mchana, watoto wakirudi shule wanamkuta nani? Kama hesabu haiingii mwaka huu, ingoje mwaka ujao. Na umwambie hili, ambalo nadhani hajalifikiria: anayemaliza kozi hiyo ana cheti cha jimbo cha kutafutia kazi ya mshahara. Wengi wa Bed-Stuy walianza bure wakaishia kwenye malipo. Akisema “kumbe ungeanza na hilo”, mwache aseme.

Chanjo ya homa ya ini aina ya B uulizie mapema. Na ujiandae kwamba wengine watakufa mikononi mwako hata ukifanya kila kitu sawasawa, na utarudi nyumbani na harufu yao, na mumeo ndiye atakayekufungulia mlango. Kwa hiyo awe upande wako kabla, siyo baada.

Nikueleze kwa nini nakusukuma. Mtaani kwetu, zamani kidogo, jirani yetu seremala alianguka kutoka juu ya paa. Tulikuwa watu kama ishirini pale, dakika haijapita. Mimi sikuwepo wakati wa kumwinua, nilikuwa ndani natafuta viatu, na viatu hivyo nimevijutia mpaka leo. Nilipotoka walikuwa wameshamkunja kwenye tuktuk, wawili wamemshika kwapa, mmoja miguu, kichwa kinaning'inia nje kama cha mbuzi anayepelekwa sokoni. Walikuwa wanalia kwa huruma. Hospitali daktari aliuliza swali moja tu, nani alimbeba na alimbebaje, halafu hakuuliza tena. Seremala aliishi, miguu haikurudi. Watu wa karibu hatukuwakosa, tulikuwa nao ishirini. Mmoja tu angejua kusema “msimguse, shikilieni kichwa kisitikisike”, ingetosha.

Alhamisi ukienda kununua samaki, usimshukuru yule bwana kwa maneno mengi, utamtia haya. Sema asante, chukua chenji yako kwenye kaunta. Na muulize alisomea wapi. Nadhani hilo atalijibu, hata kama anatazama mizani.

Somo